MAHALI PA KUOGEA WATOTO SIKU ZA JOTO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mdahalo wa muhula huu hoja ilikuwa hii: ya kwamba mji wa Kigoma na Ujiji ujengewe kiwanja cha kurusha maji kwa ajili ya watoto, kama vile vilivyoko katika miji ya Marekani na Ulaya. Mimi nilisema upande wa kupinga, nasi tukashindwa. Sina kinyongo na waliotushinda, maana walisema vizuri. Lakini dakika tano nilizopewa hazikutosha hata kumaliza sababu yangu ya kwanza, kwa hiyo namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hii. Jambo lenyewe si la mzaha, ijapokuwa wengi walicheka lilipotajwa.

Yafaa kwanza niwaeleze wazazi wetu, ambao hawakuwapo, kiwanja hicho ni kitu gani. Ni sakafu ya saruji yenye matundu na mabomba, na maji huruka juu kutoka chini, au humwagika toka juu kama mvua. Mtoto hukimbia katikati yake akalowa, akapoa, akacheka. Maji hayasimami pale. Hupita katika matundu, yakachujwa na kutiwa dawa, kisha pampu huyarudisha tena. Kwa kuwa hakuna kina, mtoto hawezi kuzama kwa urahisi. Katika mji wa New York watu wazima wanaweza kwenda kituo cha zimamoto wakaomba bomba la mtaani lifungwe kofia yenye matundu, ili watoto wachezee maji barabarani siku za jua kali. Hapa kwetu Tanzania, kule Kunduchi, Dar es Salaam, kuna bustani kubwa ya michezo ya maji yenye mateleza na mabwawa. Mwenye nauli na kiingilio huenda.

Sasa tutazame kwetu. Mvua huisha Mei, na toka Agosti mpaka Oktoba joto huzidi kila wiki mpaka mvua zinaporudi. Katika nyumba zetu za Ujiji zilizoezekwa mabati yasiyo na dari, saa nane mchana hapakaliki. Watoto wachanga hutoka vipele vya joto shingoni na makwapani, usiku wanalia, na mama halali. Mtu akisema kwamba kuwapoza watoto ni anasa, naona hajalala chumba kimoja na mtoto wa miezi minane mwezi wa Septemba.

Basi hitaji lipo, na hapo mimi na wapinzani wangu twakubaliana. Tunachobishania ni njia. Sisi tunakaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake mahali pengine chafika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal tu, kule Siberia, lililolipita kwa kina. Inakisiwa kwamba karibu sehemu moja katika sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi, yasiyoganda, imo humu mbele ya macho yetu. Tena maji ya juu yana uvuguvugu mwaka mzima, hayamtetemeshi mtoto. Kuna mtaa mmoja wa Ujiji ambako akina mama hupanga ndoo kwenye bomba tangu alfajiri. Nenda ukawaambie kwamba maji ya bomba yatarushwa juu ya saruji ili watoto wacheze. Nataka kuona atakayekwenda.

Waliotushinda walijibu kwamba maji hayo yazunguka, hayapotei. Ni kweli, lakini yazunguka kwa pampu, na pampu yataka umeme, fundi na kipuri. Chujio likiharibika na dawa ikakosekana, watoto huyameza maji yaliyopita juu ya miguu na makalio ya wenzao, nao wakaharisha. Hata Marekani, kwenye mafundi tele, watoto wameugua matumbo kwa sababu hiyo. Je, sisi tutaendesha mtambo huo kwa miaka mingapi kabla ya kuwa kitanda cha mbuzi?

Lakini sababu yao kubwa ilikuwa nyingine, nayo ni nzito, wala sitaki kuipita mbio. Walisema: ziwa linaua.

Linaua kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Na ziwa letu lina hila yake. Lilifanyika katika Bonde la Ufa, pale ardhi ilipopasuka ikadidimia, kwa hiyo mahali pengi ukingo wake haushuki polepole kama pwani ya Dar es Salaam. Pana kibao cha mawe au mchanga, maji yafika kifundoni, yafika gotini, halafu hakuna chini. Wazee husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapa hata uliyoyafika jana yaweza kukudanganya leo, maana mawimbi huuchukua mchanga na kuuweka pengine.

Likizo ya Septemba nilikuwa mwaloni pamoja na mama na mdogo wangu wa miaka sita. Mama alikuja kununua migebuka. Mtoto akaingia majini mpaka kiunoni, pamoja na watoto wengine kama kumi, katikati ya maboti, kwa sababu hapo ndipo penye maji na hapo ndipo penye watu. Boti moja la injini likasukumwa kutoka mchangani, wimbi likalirudisha kwa ubavu, na kamba yake ikamzoa mdogo wangu mguuni. Mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alijitupa na nguo zake akamnyanyua kwa mkono mmoja. Mtoto alitapika maji, akalia, akataka kurudi kuoga. Yule mzee alimtazama mama, akasema tu, "Mama, hapa si pa watoto." Mama akamjibu, "Shikamoo baba, asante. Basi niambie, pa watoto ni wapi?" Mzee alifikiri sana. Hakuwa na jibu.

Nami tangu siku hiyo nimeuliza swali hilo kwa watu wengi, na sehemu nyingine nimekwenda mwenyewe. Kibirizi ni kituo cha maboti ya abiria yaendayo vijiji vya kaskazini na Gombe. Kuna mafuta juu ya maji, nanga, kamba, na wachukuzi wenye magunia wasioweza kumwona mtoto chini yao. Katonga ni mji wa wavuvi. Asubuhi dagaa huanikwa, nyavu hukunjwa, vichwa vya samaki hutupwa, na mtu wa kazi hana haja ya mtoto wa kumkanyaga, haki yake. Ufuko wa Ujiji una maseremala wa maboti, misumari na vipande vya mbao mchangani, na zaidi ya hapo kusini ndiko Mto Luiche unakoingia ziwani. Kwenye vinywa vya mito na matete ndiko mamba hupenda kukaa, kwa hiyo huko tusijadili hata kidogo. Upande wa Bangwe pana mawe mengi, maji ni meupe kama kioo na samaki wadogo wa rangi waonekana, lakini ni mahali pa kijana ajuaye kuogelea.

Pamebaki Jakobsen, kusini mwa mji. Ni pazuri, nasema wazi: vighuba vya mchanga, kivuli, maji safi, utulivu. Lakini ni mahali penye wenyewe na penye kiingilio, na ni mbali na mitaa ya watu wengi. Baba mwenye watoto watano, akilipa bajaji ya kwenda na kurudi na viingilio vyao, atakuwa ameoga fedha ya chakula cha wiki. Kadhalika mabwawa ya mahoteli. Siwalaumu wenye mali kwa kutoza, ninachosema ni kwamba mji wenye ziwa hili lote hauna hata mita hamsini za ufuko ambazo mama aweza kuambiwa, "Mpeleke huko, ni salama."

Basi shauri langu ni hilo: mita hamsini. Zichaguliwe katika ghuba moja ya mchanga isiyotumiwa na maboti, mahali ambapo mteremko ni wa polepole, karibu na njia ya bajaji. Ndani ya maji ivutwe kamba yenye maboya, yale yale ya nyavu, pale kina kinapofika kiuno cha mtoto wa darasa la kwanza. Ndani ya kamba ni watoto; nje ya kamba ni wanaojua. Boti lisiingie. Hayo ndiyo yote ya kununua, nayo yapatikana Katonga siku yoyote.

Isidhaniwe kwamba hili ni jambo la watu maskini. Mji wa Copenhagen ulifungua mahali pa kuogelea ndani ya bandari yake mwaka 2002. Na Paris, iliyokuwa imekataza watu kuoga katika Mto Seine tangu mwaka 1923, ilifungua sehemu tatu za mto huo mwezi wa Julai 2025, zikiwa zimezungushiwa maboya na zina walinzi. Wafaransa hawakosi fedha za kujenga viwanja vya kurusha maji, navyo wanavyo. Hata hivyo walitumia fedha nyingi sana kusafisha mto wao ili watu waingie. Sisi maji yetu bado hayajachafuliwa kiasi hicho, nasi twataka kuyapa mgongo tukajenge bomba.

Kamba peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu. Na hapa nataka wasomaji wanisikilize, kwa maana mtu huyo tunaye. Katika kila mwalo wako wavuvi wazee ambao macho yao yamezoea maji, ila viuno vyao haviwezi tena kuvuta nyavu usiku kucha. Wanakaa chini ya mwembe wakicheza bao. Mtu aliyelala juu ya ziwa miaka arobaini aweza kutofautisha mtoto achezaye na mtoto azamaye. Na wasomaji wajue kwamba azamaye mara nyingi hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia. Baba yangu mdogo ni mvuvi, nikamwuliza kama wazee hao wangekubali kulinda watoto mchana, wawili wawili kwa zamu, wakipewa posho kidogo, filimbi na boya la kumtupia mtu. Akacheka, akasema, "Bao litakosa wachezaji." Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Tena wangeweza kufundisha. Mtoto wa mvuvi huzoea maji mapema, lakini njia yake ni kusukumwa kutoka mtumbwini na kuachwa ajitafutie. Njia hiyo imewafundisha wengi, na wale isiyowafundisha hatuwasikii wakisimulia. Afadhali afundishwe ndani ya kamba: kwanza kuelea chali, kisha kupumua, kisha mikono.

Sasa nasema juu ya sisi wasichana. Kaka zetu huenda ziwani wakati wowote, wakavua mashati, wakaruka. Msichana wa Ujiji akifika miaka kumi na miwili huambiwa ziwani si mahali pake, isipokuwa amekwenda kuosha vyombo au kufua. Kwa hiyo twasimama majini kila siku mpaka magotini, nasi hatujui kuogelea. Katika bweni letu la wasichana thelathini na wawili niliuliza: wanaojua ni wanne, na watatu katika hao ni watoto wa wavuvi. Halafu sisi ndio tutakaokuwa mama wa kuwatazama watoto ufukoni! Nimesikia wazazi wakisema kwamba kuogelea kunavunja heshima. Kule Nungwi, Unguja, ambako dini na heshima havijapungua kuliko kwetu, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwafunika toka kichwani hadi miguuni, na walimu wao ni wanawake. Basi ufuko wetu uwe na saa zake: asubuhi fulani katika juma iwe ya akina mama na wasichana tu, na uwekwe uzio wa makuti wa kubadilishia nguo. Mjomba wangu, ambaye ni mkali, alifikiri juu ya uzio huo, kisha akauliza kama utakuwa na mlango. Nikamjibu utakuwa nao.

Kuna jambo la kichocho, ambalo mwalimu wetu wa Biolojia alilikumbusha baada ya mdahalo. Vidudu vya ugonjwa huu hutoka ndani ya konokono wa majini, wakapenya katika ngozi ya mtu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vidudu hutoka zaidi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri. Ufuko wa mchanga wenye mawimbi hauwapendezi sana, lakini si kusema kwamba hawapo, kwa hiyo wataalamu wa afya waupime kwanza, na majani yang'olewe. Saa za kuoga ziwe za asubuhi. Tena konokono hapati vidudu hivyo hewani. Huvipata kwa mkojo na kinyesi cha mtu mgonjwa kiingiacho majini. Kwa hiyo choo ni lazima kama kamba. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi waliposongamana ufukoni Kagunga bila vyoo vya kutosha, tuliona kipindupindu kinavyokwenda pamoja na maji ya ziwa. Atakayepewa kazi hii akianza na maboya kabla ya choo, ameanza kinyume.

Mtu mmoja mwenye kujua sheria aliniuliza: je, hukusikia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa? Nimesikia, nami naona sheria hiyo yanisaidia mimi kuliko waliotushinda. Kiwanja chao cha saruji ndicho kitu cha kudumu. Kamba hufunguliwa, makuti huondolewa, na choo changu nakiweka nyuma ya mita hizo 60, juu, penye udongo mkavu.

Hata pasingekuwa na sheria, ziwa lenyewe lina amri yake. Karne ya kumi na tisa maji yalipanda mpaka yakauvunja mlango wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha yakashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu wageni wanaokuja Ujiji kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 hushangaa kuambiwa kwamba ziwa lilikuwa karibu, nao wanaliona mbali kule chini. Na tusidhani hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda tena yakaingia katika nyumba za watu kandokando ya ziwa, hapa Kigoma na Burundi na Kongo, na mwaka 2024 Bujumbura ilifurika mara nyingine. Kitu chochote cha saruji kikijengwa karibu, siku moja samaki watakitumia. Kamba yaweza kusogezwa na mlinzi kila Jumatatu kwa kupima na fimbo.

Gharama? Sina takwimu za fundi, wala sitabuni. Lakini najua bei ya kamba, maboya na mabua, na najua kwamba vitu hivyo haviagizwi kutoka ng'ambo. Posho ya walinzi na choo ndiyo yatakayotaka fedha za kweli. Wengine wamesema hakuna atakayekubali kuacha mita hamsini za ufuko wakati kila mtu anatafuta mahali pa kuegesha boti. Nawakumbusha kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani miezi mitatu, toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi walinung'unika, na baba mdogo alinung'unika kuliko wote, lakini nyavu zilikaa nchi kavu. Watu waliokubali kuwaachia samaki ziwa zima kwa miezi mitatu, sioni kwa nini wasiwaachie watoto wao upana wa maboti ishirini.

Kabla ya mtihani wetu wa Novemba imebaki Jumamosi nne. Mwalimu wa Jiografia amekubali kutupeleka katika ghuba mbili, sisi tuliopinga pamoja na wale waliotushinda, tupime kina kila hatua mbili kutoka ukingoni kwa fimbo iliyotiwa alama, na kuhesabu konokono kwenye majani. Mzazi aliye na mtumbwi asiyeutumia Jumamosi asubuhi tunamwomba atuazime. Vipimo vitabandikwa katika ubao wa matangazo karibu na lango, pamoja na ramani, na nakala moja itapelekwa kwa diwani.